Kigoda Juu ya Shimo

Kigoda kilikuwa kimewekwa mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kuweka kigoda: katikati ya njia, baina ya chumba cha kupikia sabuni na ukuta wa jirani, pale ambapo kila apitaye na ndoo au toroli hana budi kukwepa. Chini yake ulitandikwa mkeka mpana. Juu yake aliketi bibi mmoja, miguu ameinyoosha mbele, bakuli la vipande vya sabuni pajani, akiviparua kingo kwa kisu butu. Vipande hivyo vilikwisha kuparuliwa jana. Alikuwa anaviparua upya, na kwa namna alivyokunja uso ungedhani ni kazi inayohitaji mtaalamu.

"Mama," mwanawe alimwinamia sikioni. "Wamefika getini."

"Si waingie? Au wanataka kubebwa?"

Mwanawe ndiye mkurugenzi wa kiwanda kile. Ni mtu mzima mwenye kitambi na watoto wakubwa, lakini asubuhi hiyo alikuwa ameshika sikio lake la kushoto tangu alipotoka nyumbani, na mama yake hakupenda kuliona lile sikio likishikwa. Udogoni alilishika hivyohivyo kila aliposema sukari imeliwa na paka.

Wafanyakazi walimwita huyu mama Bibi Chapa. Enzi mumewe alipokianzisha kiwanda, yeye ndiye aliyegonga chapa kwenye kila kipande kwa mkono wake. Na hata sasa, akikukasirikia, hukugonga kidole kifuani kana kwamba na wewe unapelekwa dukani.

Chini ya mkeka palikuwa na mbao, na chini ya mbao palikuwa na shimo.

Shimo lenyewe lilichimbwa na marehemu mumewe kabla bomba halijafika mtaa ule. Sabuni ikishaiva na kuelea juu, chini ya pipa hubaki maji meusi, makali, yenye magadi ya kutosha kumchubua mtu ngozi. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakimwagwa humo. Bomba lilipokuja, shimo likaachwa, si kwa kufukiwa bali kwa kusahauliwa. Kisha likakumbukwa kila bomba lilipoziba. Na bomba lile, kwa kuziba, lilikuwa halijambo.

Upande wa pili wa ukuta ilikuwa kampuni ya kutengeneza madaftari. Kampuni hiyo ndiyo iliyokwenda mahakamani kudai kwamba maji ya sabuni yanapita chini kwa chini na kuula ukuta wake. Mkurugenzi akajibu kwa kiapo kwamba hana shimo, alilokuwa nalo lilifukiwa zamani. Alipoapa alikuwa na nia safi kabisa ya kulifukia wiki hiyohiyo. Lakini mahakama ikamtangulia: ikaamuru ukaguzi, na ikaamuru kwamba hadi mkaguzi amalize kazi yake, asiwepo mtu wa upande wowote wa kuchimba, kufukia, kujenga wala kusogeza kitu. Kulifukia kukawa kosa. Kutolifukia lilikuwa kosa tangu mwanzo.

"Mimi sitaki kujua kama lipo au halipo," wakili wa kiwanda alikuwa amesema, akifuta miwani yake. "Najua ulichoapa, basi. Likionekana, kampuni itafungwa, na wewe mwenyewe utaulizwa habari ya kiapo. Kuna watu wako ndani sasa hivi kwa viapo vidogo kuliko hicho."

Ndipo Bibi Chapa, aliyekuwa pembeni akijifanya amesinzia, alipofumbua jicho moja.

"Nileteeni mkeka wangu na kigoda," alisema. "Mahakama ina nguvu, sikatai. Lakini bado sijamwona mtumishi wa mahakama atakayemwambia bibi wa umri wangu, 'Hebu toka hapo.' Mama yake atamwelewaje?"

Walicheka, mwana na wakili. Kisha wakaacha kucheka, wakatazamana.

*

Mkaguzi alikuwa mhandisi, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na mkoba wa turubai uliomvuta bega moja chini. Nyuma yake alikuja wakili wa jirani, mrefu, suruali imenyooshwa pindo ukadhani ingemkata. Na nyuma ya wakili, mama mmoja mnene mwenye vidole vilivyoganda gundi, aliyeletwa kuonyesha mahali unyevu unapotokea upande wao. Wenzake humwita Mama Gundi.

"Shikamoo, bibi," mkaguzi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mtanisamehe sinyanyuki, magoti yamegoma, hata mshahara sijui yanamdai nani."

Mkaguzi alitabasamu. Wakili wa jirani hakutabasamu. Aliutazama mkeka, akakitazama kigoda, akaitazama ile njia pande zote mbili.

"Samahani, bibi. Hapa ni njiani. Ungesogea kidogo, tukague sakafu yote."

Kisu cha Bibi Chapa kilisimama juu ya sabuni. Mkurugenzi aliangalia dari. Wakili wao alifungua mdomo, lakini mkaguzi alimwahi.

"Mwache bibi wa watu, jamani. Tutazunguka."

Wakazunguka. Njia ilikuwa nyembamba, hivyo wakili wa jirani alilazimika kupita ubavu, tumbo limebanwa, mgongo ukisugua ukuta, na alipotokea upande wa pili alikuwa na unga wa chokaa kuanzia begani hadi kisiginoni.

"Pole, mwanangu," Bibi Chapa alimwambia kwa huruma nyingi. "Sabuni ipo, ukihitaji."

Ilikuwa imekwenda kama alivyopanga, na kwa dakika chache alijisikia msichana. Maisha yake yote alikuwa amejipitishia hivihivi kwa ulimi: kwa mabwana afya, kwa wenye nyumba, kwa wadai wa marehemu waliokuja wamevimba mashavu wakaondoka wamebeba sabuni za zawadi. Mtu ukimchekesha, aliamini, huwa amekwisha kukupa upande.

Kisha akahisi joto.

Lilianza kwenye visigino. Alidhani ni damu, maana damu ya uzee hujiendea itakavyo. Lakini lilipanda, likafika ugokoni, likawa na unyevu ndani yake na harufu aliyoijua kuliko harufu ya nyumba yake. Aligeuza shingo pole pole hadi akamwona mpishi wa sabuni, amesimama mlangoni kwake na mwiko wake mrefu kama askari na mkuki.

Alimuuliza kwa nyusi. Mpishi alimjibu kwa kutazama viatu vyake.

Basi alielewa yote. Mpishi alikuwa ameambiwa kazi iendelee kama siku zote, mkaguzi aione. Alfajiri bomba likaziba. Naye, mtu mtiifu, akafanya kama siku zote: akainua mbao, akamwaga maji ya moto pipa zima, akarudisha mbao, akautandaza mkeka wa bibi vizuri, pembe kwa pembe. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo shimo halipo.

Bibi Chapa alivuta nguo yake ikafunika vizuri ukingo wa mkeka, akajikaza kisabuni.

*

Katika chumba cha kupikia, mkaguzi alikuwa amemimina rangi nyekundu kwenye mfereji wa sakafu. Wote walitoka kwenda kuitazama ikitokeza kwenye mtaro wa barabarani; ikatokeza, nyekundu, barabarani, mahali pake halali. Akamimina nyingine kwenye karo la kuoshea. Nayo ikaenda ilikotakiwa. Sauti ya wakili wa kiwanda ilizidi kupata afya kila waliporudi.

"Kama unavyoona, mhandisi. Kila tone linakwenda mtaroni."

"Naona," mkaguzi alijibu. Lakini alipotoka kutazama upande wa jirani na kurejea, alikuwa amebeba kitu kwenye kiganja. Kilikuwa kipande cha tofali. Alikibana tu kwa vidole viwili, kikamomonyoka kama keki ya jana, na chembe zake zikaanguka sakafuni mbele ya kigoda.

"Hili nimelitoa chini ya ukuta, kwa mkono," alisema. "Sikutumia chombo."

Wanaume wakatoka naye kwenda uani kupima umbali wa mabomba, na Mama Gundi, ambaye hakuna aliyemwambia atoke wala abaki, alichuchumaa kando ya kigoda kupumzisha miguu.

"Bibi, unaumwa? Jasho linakutiririka."

"Joto la mwezi huu."

"Mbona kule kwetu baridi? Unyevu mtupu. Ukikaa asubuhi, mchana mgongo umelowa kama umebeba mtoto aliyekojoa." Mama Gundi alicheka peke yake. "Sisi benchi letu liko ukutani, bibi. Kurasa tunazikunjia pale, tumeuegemea. Na ule ukuta una maneno! Ukinyamaza unasikia mchanga unamwagika ndani, chururu, chururu. Wenzangu wanasema ukuta unajikuna."

"Na nyinyi mmekaa tu?"

"Tuhamie wapi? Tulimwambia bosi. Akasema mahakama imekataza kusogeza kitu mpaka ukaguzi uishe, na benchi ni kitu." Alibandua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. "Tuna mmoja mjamzito. Huyo tumemweka upande wa mlango, atangulie kukimbia."

"Na wewe?"

"Mimi mbio ninazo, bibi. Mwili ndio unachelewa kupata habari."

Hapo palikuwa pahala pa kucheka. Bibi Chapa alilitafuta neno la kurudisha, la utani juu ya utani, kama ilivyo ada ya watu wazima wakikutana. Alilitafuta kwenye ulimi uliozoea kuwa na akiba, akakuta pakavu.

"Leo ukaguzi ukiisha mtahamishwa?" aliuliza.

"Kitu kikionekana. Kisipoonekana, basi ukuta ni mzima, sisi ndio wenye midomo mirefu. Tunarudi mahali petu." Mama Gundi alimtazama usoni. "Bibi, wewe unatetemeka. Nikuletee maji? Nikusogeze kwenye upepo?"

"Hapana," Bibi Chapa alisema kwa haraka mno. "Hapa hapa pananifaa."

Ubao ulilia chini yake. Ulikuwa mlio mdogo, wa kitu kilicholowa na kuchoka. Mama Gundi hakusikia, au alidhani ni kigoda. Mvuke ulikuwa umepata njia pembeni mwa mkeka na kumpanda kifundoni, na yeye akaweka mguu juu ya njia ile, akauzuia kwa nyama yake mwenyewe, ukamchoma, akauacha umchome. Alijiambia hao watu ni wa jirani. Alijiambia jirani ana bosi wake, na bosi ana macho. Alijiambia ana mtoto mmoja tu aliyebaki, na mtoto huyo hawezi hata kulala bila taa ya ukumbini kuwashwa. Huko ndani atalalaje? Kila alichojiambia kilikuwa kweli. Na katikati ya kila kweli alisikia mchanga ukimwagika, mchanga ambao hajapata kuusikia kwa masikio yake.

*

Waliporudi, mkaguzi alianza kufunga mkoba.

"Mkurugenzi," alisema, "kabla sijaondoka. Kuna mfereji, shimo au tundu lolote ambalo sijaonyeshwa?"

"Mteja wangu ameshaapa kuhusu hilo," wakili wao alidakia.

"Najua ameapa. Namuuliza."

Mkono wa mkurugenzi ulikuwa sikioni. Macho yake yalipita juu ya kichwa cha mama yake, yakatua kwenye ndoo, yakatua mlangoni kwa mpishi, yakakosa mahali.

"Hakuna," alisema.

"Basi nitaandika nilichokiona."

"Haiwezekani!" Wakili wa jirani alipandisha sauti. "Ukuta unaliwa na nini, na hewa?"

"Labda na karatasi zenu," wakili wao alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akachekelea.

Mama Gundi alijishika magotini, akainuka kwa mguno. Alijikung'uta vumbi la tofali kwenye gauni.

"Haya, bibi, sisi tunawaacha. Kunywa maji, sawa? Usikae na joto." Alikwisha kugeuka. "Acha nikawahi benchi langu kabla hawajanikata muda."

"Wewe," Bibi Chapa alisema.

Mama Gundi aligeuka.

"Njoo unishike mkono."

"Mama," mkurugenzi alisema. "Kaa."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumwamuru. Lakini haikuwa sauti ya mkurugenzi, wala hata sauti ya mwanamume. Ilikuwa ile sauti ndogo ya mlangoni, usiku, taa ikizimika. Ilimwingia mama mtu chini ya mbavu, na magoti yake, ambayo asubuhi aliyasingizia, sasa yaligoma kweli. Angeweza kukaa. Angesema kizunguzungu kimepita, na kila mmoja angeshukuru.

"Kaa, mama. Tafadhali."

"Nimesikia, baba," alimjibu, kwa upole ambao haukuwa na utani ndani yake. "Nimekusikia."

Akamshika Mama Gundi mkono, ule wenye gundi, akanyanyuka.

Mkeka ulikuwa umelowa kwa mistari, ubao kwa ubao, ukadhani mtu ameuchora kwa maji. Mvuke uliinuka bila haraka kutoka pembe nne, na harufu kali ikawafikia wote kwa pamoja. Mkaguzi aliweka mkoba chini.

"Bibi," mkaguzi aliuliza, "ni nini hiki?"

"Ni mkeka wangu, mwanangu. Nimeutandika mwenyewe, nikakaa mwenyewe. Kama kuna wa kuulizwa, mimi hapa, na jina langu ninalijua."

"Usiseme neno," wakili wao alimnong'oneza mkurugenzi, akimkamata kiwiko. "Hata moja. Nasema hata moja."

Mkurugenzi aliutazama mguu wa mama yake. Kifundo kilikuwa chekundu, ngozi imenyanyuka malengelenge yenye kung'aa. Alikitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akajitoa mkononi mwa wakili, bila hasira, kama mtu anayevua koti, akapiga magoti, akauviringisha mkeka.

"Halikufukiwa," aliziambia mbao, siyo watu. "Niliapa limefukiwa. Halijafukiwa hata siku moja."

Mpishi alikuja na kuzishika mbao upande wa pili.

*

Mkaguzi alimimina rangi yote iliyobaki. Maji meusi yaliimeza, yakasokota kidogo, yakatulia. Hakuna aliyesema tuondoke, lakini wote waliondoka, wakazunguka barabarani na kuingia kwa jirani: mkaguzi mbele, mawakili wakinong'onezana na simu zao, mkurugenzi peke yake katikati, na Bibi Chapa nyuma akichechemea, mzito kwenye bega la Mama Gundi.

Ukumbi ule ulikuwa mrefu na wenye mwanga hafifu. Wanawake walikuwa wamekaa mahali pao, mgongo ukutani, wakikunja kurasa na kuzipanga. Mikono ilikwenda yenyewe, macho yakiwatazama wageni. Kila mmoja alikuwa ameweka mto wake mdogo wa kukalia kwenye benchi, ulioshonwa kwa matambara, na kila mto ulikuwa na shimo la umbo la mwenyewe. Nyuma ya vichwa vyao ukuta ulikuwa na doa refu, la rangi ya chai, lililopanda kuliko mtu aliyeketi. Lilivimba katikati. Kutokea mlangoni ungedhani ni kivuli.

"Nyanyukeni, akina mama," mkaguzi alisema. "Pole pole. Njooni huku mlangoni."

Walinyanyuka, yule mjamzito mbele. Kazi ilipokoma, ukumbi ukanyamaza, na hapo Bibi Chapa akausikia: chururu, kidogo, kimya, chururu.

"Sasa tunangoja," mkaguzi alisema, akaandaa kamera yake. "Rangi ikitokea, nipige picha kila kitu kikiwa kama kilivyo. Asiguse mtu chochote."

Wakangoja. Chini ya ukuta, nyuma ya benchi, sakafu ilikuwa na ufa mwembamba unaong'aa unyevu, na macho yote yalikuwa hapo. Bibi Chapa hakujua anaomba nini. Alijikuta anaomba rangi isije. Kisha anaomba ije upesi, imalizike. Kisha akaacha kuomba, maana alimwona mwanawe anatembea.

Alikuwa amewapita mawakili. Alitembea kwa miguu ya mtu aliyeitwa jina, hadi kwenye benchi, akaanza kuokota ile mito, mmoja mmoja, akiibeba kifuani.

"Bosi, rudi!" wakili wake alifoka kwa sauti ya chini. "Amri inasema usisogeze kitu! Unajiongezea kosa juu ya kosa!"

Mkurugenzi alimpa Mama Gundi mzigo wa mito. Akarudi. Akaliinamia benchi, akalishika mwisho mmoja, akavuta. Lilikuwa la mbao nzito, refu kuliko mtu mmoja. Upande wake ulinyanyuka, upande wa pili ukakwaruza sakafu, ukagota kwenye ukuta uliovimba. Alivuta tena. Vumbi jekundu likamwagika mabegani mwake.

Mkaguzi alikuwa ameinua kamera, lakini hakupiga, na hakumkataza.

Bibi Chapa aliliacha bega la Mama Gundi. Mguu uliwaka kila alipoukanyagia. Alifika upande wa pili wa benchi, akainama jinsi mgongo ulivyomruhusu, akatia vidole chini ya ubao.

"Mama, utaumia."

"Nyanyua," alisema.